Safari 11 ndani ya teksi ya umeme isiyo na dereva: uzoefu wangu

Niseme mapema kwamba mimi ni mpenzi wa magari ya umeme, na magari ya kesho nimeyachora tangu nikiwa mwanafunzi. Huduma ya teksi zinazojiendesha ilipofunguliwa ninakoishi, nilijiandikisha siku hiyohiyo. Katika wiki mbili nimezipanda mara 11: mara 8 peke yangu, mara 3 nikiwa na mama, ambaye hutembea kwa mkongojo. Zile safari tatu ndizo zilizonifungua macho.

Nianze na uendeshaji, maana ndio kila mtu ananiuliza. Gari linaendesha vizuri sana. Safari ya kwanza sikuweza kuacha kuutazama usukani ukijizungusha wenyewe mbele ya kiti kitupu, lakini kufikia ya tatu nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu. Kilichonitoa hofu ni skrini ya nyuma, inayomwonyesha abiria kile ambacho gari linakiona: magari mengine, baiskeli, watu wanaotembea, hata koni za barabarani. Usiku mmoja skrini ilimchora mtu akiwa katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa, gari likapunguza mwendo, na sekunde chache baadaye akajitokeza amevaa nguo nyeusi tupu. Mimi nilikuwa sijamwona. Gari hutegemea kamera, rada na lida kwa pamoja, na lida hurusha miali ya leza kisha hupima muda inaochukua kurudi, kwa hiyo giza haliisumbui. Ukikumbuka kwamba mwaka 2004, kwenye mashindano ya magari yasiyo na dereva yaliyoandaliwa na DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, katika jangwa la Mojave huko Marekani, hakuna gari hata moja lililomaliza njia, na lililofika mbali zaidi lilikwama baada ya kilomita 12 hivi, unaona hatua iliyopigwa.

Breki nazo ni laini. Gari likipunguza mwendo, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo humwoni abiria akisukumwa mbele. Mama, ambaye hupata kichefuchefu kwenye gari karibu kila mara, safari zote tatu alikuwa mzima.

Sasa nije kwenye kushuka.

Safari ya pili na mama, gari lilitushusha kama mita 150 kutoka mlango tuliokuwa tunauendea, tena ng'ambo ya barabara, kwa sababu programu ilihesabu kuwa pale mlangoni hapafai kusimama. Nilibonyeza kitufe cha msaada. Mhudumu aliyejibu alikuwa na adabu na alisikitika kwa dhati, ila hakuweza kulisogeza. Dereva yeyote wa teksi angemtazama mama mara moja, akauona ule mkongojo, akasogea. Gari lenye macho pande zote halikuuona, au liliuona na hakuna aliyelifundisha maana yake. Mita 150 kwangu si kitu. Kwa mama zilikuwa dakika kumi na kusimama mara mbili kupumzika.

Safari iliyofuata, mama hakuubana mlango sawasawa. Sisi tumeshaondoka, gari limebaki pale linawaka taa na kuomba mlango ufungwe, na magari yanajipanga nyuma yake. Ilibidi nirudi mbio. Gari linaloweza kupita makutano yenye pilikapilika bila mtu, likashindwa na mlango! Kasoro hii inaniuma kwa sababu dawa yake ipo. Zoox, kampuni ya Marekani, ilionyesha mwaka 2020 gari lake lililosanifiwa kuwa teksi isiyo na dereva tangu mwanzo: halina usukani, viti vinne vinatazamana, na milango yake ni ya kuteleza, inayofunguka na kujifunga yenyewe. Nililopanda mimi ni gari la kawaida la familia lililoongezewa vitambuzi. Bado lina boneti ndefu na kiti cha dereva ambacho hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Betri imelala chini ya sakafu, hivyo sakafu imepanda, na ukikaa nyuma magoti yanainuka. Kijana hajali. Mwenye nyonga mbovu anajali sana pale anapojaribu kuinuka.

Kuhusu mazingira, sina ubishi kwamba mota ya umeme inatumia nishati yake vizuri kuliko injini ya petroli, ambayo sehemu kubwa ya mafuta yake huishia kuwa joto. Lakini jioni moja niliifuatilia teksi yangu kwenye simu ikija kutoka umbali wa kilomita 6 ili inibebe kilomita 3. Gari la zaidi ya tani mbili limetembea tupu mara mbili ya safari yangu. Hapo natamani huduma iniulize kama niko tayari kusubiri dakika tano zaidi nichanganywe na abiria mwingine. Ningekubali.

Jambo hili limenifanya niitazame upya michoro yangu. Magari yangu yote ya kesho nimeyachora chini-chini, membamba kama samaki, paa likiteremka nyuma. Umbo hilo lina kazi yake: Vision EQXX, gari la majaribio la Mercedes-Benz ambalo kipimo chake cha ukinzani wa hewa ni 0.17 (kikiwa kidogo ndivyo gari linavyopenya hewa kwa urahisi), lilisafiri mwaka 2022 kutoka Sindelfingen, Ujerumani, hadi Cassis, Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000, kwa chaji moja. Hiyo ni barabara kuu, na upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, upinzani unakuwa mara nne. Teksi ya mjini haikimbii hivyo. Inasimama na kuondoka, inasimama na kuondoka, na kinachokula betri yake zaidi ni uzito. Paa la samaki halina faida kubwa pale, na mama analipiga kichwa. Gari la namna hii linataka wepesi, mlango mrefu na betri ndogo inayochajiwa mara kwa mara.

Nitaendelea kuitumia huduma hii usiku nikiwa peke yangu, na kwa uendeshaji naipa nyota tano kamili. Kwa kumpandisha na kumshusha abiria naipa mbili. Maoni haya nimewaandikia pia wenyewe, nikaambatanisha mchoro mpya: sakafu ya kufikika kwa hatua moja, mlango wa kuteleza, kiti kinachotazama mlangoni. Kabla sijautuma nilimwonyesha mama. Aliutazama kwa muda, kisha akauliza mkongojo unawekwa wapi. Nikachukua kalamu nikaongeza kishikilio pembeni ya kiti.