Faili la kila jeshi au kanzidata moja ya taifa?

England na Wales zina majeshi 43 ya polisi ya maeneo, na kwa miaka mingi kila moja lilishikilia taarifa zake za kiintelijensia, zikiwemo tuhuma za unyanyasaji wa kingono. Mfumo huo una uzuri wake: mpelelezi anaufahamu mtaa, na jina la mlalamikaji halisafiri mbali.

Shida ni kwamba mnyanyasaji huhama. Mwaka 2002, huko Soham, mji mdogo wa Cambridgeshire, England, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa shule ya sekondari. Polisi wa Humberside, eneo jingine alikoishi awali, walikuwa wamepokea malalamiko kadhaa ya kingono dhidi yake, ila hakuna lililofikia hukumu, na kila moja lilichukuliwa kivyake. Alipoomba kazi Cambridgeshire, tena kwa kutumia jina lingine la ukoo, ukaguzi wa rekodi zake haukuyaona malalamiko hayo.

Ripoti ya 2004 ya Michael Bichard, aliyeongoza uchunguzi rasmi wa kisa hicho, ilidai mfumo wa taifa. Kanzidata hiyo ilizinduliwa 2011. Miaka saba! Faida yake kuu ni kuunganisha tuhuma zilizotawanyika, hata zisizo na hukumu. Hapo hapo ndipo penye hatari: tuhuma ya uongo nayo husambaa nchi nzima, na kuifuta ni kazi.

Kwa kesi za unyanyasaji ningechagua kanzidata, mradi kuwe na ukaguzi wa nani anafungua nini. Lakini askari wa kaunta akiandika tu "hakuna hatua zaidi", bila maelezo, mifumo yote miwili itabaki mitupu.