Valvu ya hewa kwenye mabomba ya majitaka: ipi ununue, ipi uiache (Mbeya, Iringa na Njombe)

Baridi ikishaingia huku kwetu, Mei kwenda Agosti, watu wanafunga madirisha mapema na ndo hapo harufu ya choo inaanza kusikika ndani, sinki la jikoni linakoroma kila mtu akiflashi, na fundi akiitwa siku hizi jibu limekuwa moja tu, weka valvu. Valvu siikatai, inafanya kazi vizuri sana ikiwekwa panapostahili, ila inaniuma kuona mtu anaagiza kitu Kariakoo, kinakuja na basi, kinafungwa, na harufu iko palepale kwa sababu hakuna aliyemwambia kile kitu kinafanya nini. Kwaiyo nazipanga hapa njia zote kuanzia iliyo bora mpaka ya kuikimbia, ila kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe.

Kila sinki, beseni, bafu na choo kina trapu, ile kona ya bomba inayobaki na maji muda wote. Yale maji, kwa kawaida kimo cha milimita 50, kwenye trapu ndefu 75, ndo kinga pekee kati yako na hewa ya shimo. Ukiflashi choo, lita 6 mpaka 9 zinashuka kwa mkupuo kwenye bomba la inchi 4 na huko nyuma zinavuta hewa. Hewa ikikosa pa kuingilia, maji hayo yanayoshuka yatanyonya trapu yoyote iliyo karibu, mara nyingi ya beseni la kunawia au ya sakafuni bafuni, na ule mkoromo unaousikia ni trapu yako inavutwa. Ikishabaki na maji kidogo, hewa ya septiki tenki inapita bila kizuizi, na ile sio harufu tu jamani, ina salfidi ya hidrojeni na methani, gesi za hatari, na chumba kimefungwa kwa baridi na watoto wamelala humo.

Valvu ni kofia ya plastiki yenye kiwambo cha mpira ndani. Bomba likivuta, kiwambo kinanyanyuka na hewa ya chumbani inaingia kwenye bomba, mvuto ukiisha kinashuka kwa uzito wake wenyewe na kuziba. Mswidi Sture Ericson ndo aliibuni miaka ya 1970, na zile nzuri zinafunguka kwa mvuto mdogo sana, kama paskali 70 hivi, sawa na milimita 7 za maji, kabla trapu haijaanza kupoteza kitu.

Ila inaingiza hewa, haitoi. Hilo ndo watu wengi hawaambiwi. Nyumba nyingi huku kwetu zinatumia septiki tenki na shimo la kunyonya, wachache ndo wameungwa kwenye mtandao wa majitaka wa mamlaka, na tenki likipokea maji lazima hewa ya kiasi hichohicho itoke mahali. Ukiziba kila kitu kwa valvu, ile hewa itatokea kwenye trapu, utaona choo kinatoa mapovu wakati hakuna hata aliyekigusa. Kwaiyo nyumba yoyote, hata uweke valvu kumi, lazima iwe na angalau bomba moja la hewa lililo wazi linalotoka nje. Nchi zinazoruhusu valvu kwa kanuni zinashikilia hilohilo.

Kabla hujatoa hela fanya hivi. Mwaga maji kwenye kila trapu ndani ya nyumba, hasa ile ya sakafuni kwenye bafu la wageni ambalo halitumiki, alafu subiri mpaka kesho. Harufu ikipotea na isirudi wiki nzima, trapu ilikauka tu, kiangazi cha huku ni kirefu na hewa ni kavu, dawa yake ni kumwagia maji mara kwa mara na sio valvu. Mama mmoja mwenye gesti pale Kihesa, Iringa, alishaletewa valvu za vyumba vyote, nikamwambia mama, naomba usubiri kwanza, tukajaza maji kwenye trapu za sakafuni na harufu ikaisha, valvu akazirudisha dukani. Maji yakishuka polepole na chemba ya nje imejaa, hapo kuna kuziba au tenki limejaa, ita gari la kunyonya. Harufu ikiwa karibu na choo tu muda wote, angalia mpira au gundi pale choo kinapokutana na bomba. Ila kama kila ukiflashi, au mashine ya kufulia ikimwaga maji, beseni linakoroma na ukimulika tochi unaona maji ya trapu yameshuka, hapo sasa tunaongea hewa.

Na kingine, nyumba nyingi za zamani, sinki la jikoni linamwaga nje kwenye gali trapu, kile kishimo chenye trapu kinachopokea maji ya sinki, halijaungana na bomba la choo kabisa. Sinki la hivyo choo hakiwezi kulinyonya. Likinuka, uchafu ni wake mwenyewe, mafuta na mabaki ya chakula, safisha bomba na gali trapu yenyewe.

Sasa namba moja kwangu, na sibabaiki, ni bomba la hewa la kawaida. Bomba la PVC linapanda kutoka kwenye njia ya choo mpaka juu ya paa, wazi, na wavu mdomoni kuzuia mbu na ndege. Linaingiza hewa na linatoa, halina kitu cha kuchakaa ndani. Watu wanalikimbia kwa sababu fundi anatoboa bati, anapaka saruji kuzunguka bomba, na mvua za Novemba mpaka Aprili za huku hazisamehi, dari ya jipsamu inaanza kuwa na ramani. Lakini nani kasema lazima utoboe bati? Litoe nje ya ukuta, lipande ukutani na kupita ukingo wa paa, lishikwe na klipu. Kipimo kizuri cha Waingereza ni kwamba kama kuna dirisha ndani ya mita 3, mdomo wa bomba uwe juu ya dirisha hilo kwa milimita 900 au zaidi. Kila mwaka mtu apande aangalie ule wavu maana buibui wanauziba. Mi nakadiria hivi, ukichukua bei ya valvu na adapta zake ukakuta inazidi urefu mmoja wa bomba, elbo mbili na hela ya fundi, weka bomba.

Na kama unajenga sa hivi, hujafika hata lenta, usisome zaidi ya hapo, mwambie fundi akuwekee bomba la hewa kila kundi la bafu na choo. Valvu ni ya nyumba iliyokwisha, ambayo kuvunja vigae na kuta ni maumivu.

Namba mbili ni valvu ndogo ya kiwambo, ile ya kukaa chini ya sinki au nyuma ya beseni, inayoshuka kwa uzito wake bila springi. Hii ndo inayofaa watu wengi walio na shida ya kweli, mfano umeongeza jiko la ndani upande wa pili wa nyumba, bomba limesafiri mita nyingi bila hewa. Majina utakayokutana nayo ni Studor na Durgo za asili ya Sweden, Oatey ya Marekani, na McAlpine ya Scotland. Angalia boksi, ya Ulaya iwe na namba ya kiwango EN 12380, ya Marekani ASSE 1051. Kwenye EN 12380 kuna herufi na namba na zina maana kubwa kwetu. A inaruhusiwa kukaa chini ya ukingo wa chombo kinachomwaga humo, B lazima iwe juu ya ukingo, kwaiyo ya ndani ya kabati chini ya sinki unataka A. Namba ya Kirumi ni joto, I inavumilia mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, II inaishia sifuri. Mbeya mjini ndani ya nyumba II inatosha, ila kama uko Makete au Njombe na unaiweka juu ya dari chini ya bati, kule usiku sakitu inashuka, chukua A I na ulale.

Saizi ndo inayowaumiza wanaoagiza mtandaoni. Bomba la Marekani la inchi 4 kwa nje ni milimita 114, letu linaloitwa inchi 4 ni 110, haviingiliani, na ndogo nazo hivohivo. Chukua kipande cha bomba lako nenda nacho dukani, Mwanjelwa kwa Mbeya au Miyomboni kwa Iringa, kijaribishe palepale. Na ukisema tu "eya valvu" utaletewa ile ya mabomba ya maji safi, ambayo kazi yake ni kutoa hewa kwenye laini, ni kitu tofauti kabisa, sema ya majitaka, ya kuingiza hewa.

Kuijaribu dukani ni rahisi. Ifute, puliza kwa mdomo upande wa chini unaoingia kwenye bomba, hewa isipite hata kidogo. Alafu vuta, ifunguke kirahisi bila kulazimisha. Ikipitisha unapopuliza, irudishe hapohapo, itakupitishia harufu hivohivo nyumbani. Angalia na mpira usiwe mgumu au umejikunja, maana zingine zimekaa dirishani juani muda mrefu.

Namba tatu ni ile kubwa ya milimita 110 ya kukaa juu ya bomba la choo, alama yake ya Marekani ni ASSE 1050. Ni nzuri kwa choo cha pili au cha tatu, mfano masta iliyo mbali na choo cha wote. Naishusha hapa kwa sababu hii ndo watu wanaiweka mahali pa bomba la hewa pekee la nyumba, na hapo ndo nyumba inaanza kupumulia kwenye trapu. Kama bomba wazi lipo upande mwingine, nunua bila hofu.

Namba nne ni trapu yenyewe kubadilishwa. Zipo trapu za milimita 75 na zipo za umbo la chupa zenye kijivalvu chao kichwani, unafungua ya zamani unafunga mpya kwa mkono. Kwa beseni moja linalokoroma ni njia ya bei nafuu na ningeanza nayo kwa mpangaji, maana ukihama unaondoka nayo. Haitibu nyumba nzima lakini. Humohumo nataja trapu isiyotumia maji, HepvO ya Wavin, ina utando ndani unaofunguka maji yakipita na kujifunga. Beseni la chumba cha wageni ambalo halitumiki ingelifaa kuliko zote kwa sababu haina maji ya kukauka, shida ni kuipata huku na haipendi jiko lenye mafuta mengi.

Ya mwisho, usinunue, ni valvu ya springi. Ni ya bei ya chini, imefanana na hizo nzuri kwa nje, ukiangalia chini utaona waya wa springi. Springi inahitaji mvuto mkubwa kufunguka, kwaiyo trapu inakuwa imeshanyonywa, na ikila kutu inabaki wazi na harufu yote ni ya kwako. Na lile la fundi kutoboa tundu kwenye bomba chini ya sinki "ili lipumue", kataa kabisa, ni kufungua shimo la choo jikoni.

Ukishanunua, ikae wima, isiinamie zaidi ya nyuzi 15, iwe juu ya bomba la mlalo kwa milimita 100 au zaidi, na iwe mahali mkono unafika. Isifukiwe ukutani wala kupigwa plasta maana siku ikichoka utavunja. Kabati iwe na matundu ya hewa, valvu ikikosa hewa ya kuvuta ni sawa na haipo. Adapta ya tredi funga kwa mkono na tepu nyeupe, na mpira usipakwe gundi ya PVC. Kabla fundi hajalipwa, jaza sinki na mabeseni yote, yaachie kwa pamoja na mtu aflashi choo wakati huohuo, alafu mulika kila trapu kwa tochi: maji yawe yamebaki karibu palepale yalipokuwa.