Shule ya serikali na deikea hapa Dar: uzoefu wangu, hela inaendaga wapi

Nina wawili, mkubwa yuko darasa la kwanza shule ya serikali huku Temeke, mdogo ana miaka mitatu yuko deikea ya mtaani, mimi nauza duka la mtu Kariakoo natoka home kumekucha narudi giza limeingia. Kama una bibi nyumbani hesabu zako zitakuwa tofauti kabisa na zangu.

Ada kweli hakuna, toka 2016 serikali ilivyoanza elimu bila malipo mpaka kidato cha nne. Kuandikisha sikutoa hata mia, walitaka cheti cha kuzaliwa tu basi. Kilichonikamua ni Januari yenyewe, sare pea mbili, sweta, viatu, begi, madaftari, rimu ya karatasi na ufagio wa chelewa juu, yani ufagio jamani. Michango Magufuli aliipiga marufuku 2018 ila siku hizi inapita kwenye kikao cha wazazi, mnakubaliana uji, mlinzi, mitihani ya majaribio, na usipokuja kikaoni wenzio wanakubaliana kwa niaba yako.

Kufundishwa sina neno. Darasa limejaa mpaka wengine wanakaa chini lakini yule mwalimu sijui ana moyo gani, mwezi wa sita mwanangu alikuwa ananisomea vibao vya daladala, Gerezani, Mbagala Rangi Tatu, anaanza kwa kukata silabi afu anaunganisha kwa sauti konda mwenyewe anacheka. Nilishapiga hesabu za ingilishi midiamu nikaziacha hukohuko.

Sasa tatizo ni masaa. Darasa la kwanza wanatoka saa sita mchana, mimi niko dukani mpaka jioni, hapo katikati mtoto ni wa nani? Dada wa kazi nilijaribu, mshahara, chakula, sabuni, na Desemba akaenda kusalimia kwao mpaka leo. Kumwacha azurure na funguo shingoni roho ilikataa. Kwaiyo nikamuunganisha na mdogo wake deikea, anti mmoja anawapitia watoto wa shule anawavusha barabara, wanakula, wanalala kidogo, wanafanya homuweki.

Deikea hii ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa bei chee, siku nimeenda mapema bila kuaga nikakuta watoto wamefungiwa sebuleni katuni inawaka na mlezi yuko nje anasukwa, nikachukua mtoto palepale. Kwaiyo ukienda popote omba kuona usajili wa ustawi wa jamii, wenye nao huwa wameubandika ukutani wala hawanuni, na nenda saa ambayo hawakutegemei. Hii ya sasa niliipendea meza ya mlangoni, hotipoti zimepangwa kila moja ina plasta ya dukani imeandikwa jina kwa kalamu, na akibakisha chakula wanakuandikia kwenye daftari lake, mfano "maharage hajagusa". Kasoro yao ni faini ya kuchelewa, ikipita saa kumi na mbili jioni kila nusu saa buku, na ukisema foleni ya Kilwa Road wanakwambia mama hata sisi tuna kwetu. Kweli wana kwao ila inauma.

Kwa mwezi nalipa elfu 70 ya mdogo, 40 ya mkubwa kwa ule mchana tu, uji na twisheni ya Jumamosi pembeni, na hela ya kula shule buku kila siku maana akienda na mia tano anarudi analia. Kwa wote wawili haipungui laki na nusu, na humo yumo mtoto anaesoma bure.

Shule nawapa saba juu ya kumi, deikea nane. Mdogo akifika miaka mitano anaingia awali palepale kwa kaka yake, na awali wanatoka mapema kuliko hata darasa la kwanza. Nimeshaulizia deikea kama hapo bei yake itashuka iwe kama ya kaka yake, wamesema ni ileile.