Nimehama kutoka kishikwambi kwenda laptopu: nilivyochagua

iPad Air 2 yangu ni ya toleo la 2014, na mpaka leo inawaka bila shida. Kwa kifaa cha umri huo, kuishiwa nguvu si jambo la kumlaumu mtu. Mfumo endeshi wake wa mwisho ni iPadOS 15. iPadOS 16 ilipotoka mwaka 2022, iPad hii haikuwemo tena kwenye orodha ya vifaa vinavyoupokea. Baada ya hapo programu zikaanza, moja moja, kudai mfumo mpya zaidi. RAM yake, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika programu zilizo wazi, nayo ni GB 2 tu. Nikifungua muswada upande mmoja na kamusi ya mtandaoni upande wa pili, kila nikirudi kwenye kamusi ukurasa unajipakia upya na neno nililokuwa nalitafuta limeshapotea.

Kazi yangu ni kuhariri miswada, kwa hiyo kutwa nzima macho yangu yako kwenye herufi. Hilo ndilo lililoongoza uchaguzi wangu kuliko kitu kingine chochote.

Ukiuliza watu laptopu ipi inafaa, wengi wataanza na prosesa. Mimi namshauri anayetoka kwenye kishikwambi aanze na kioo. Kishikwambi kizuri, hata kikuukuu, kimeshayazoesha macho yako maandishi makali. Air 2 ina pikseli 2048 kwa 1536 kwenye kioo cha inchi 9.7, wakati bado zinauzwa laptopu za inchi 15.6 zenye pikseli 1366 kwa 768. Kioo ni kikubwa zaidi, pikseli ni chache zaidi, na utaligundua hilo siku ya kwanza tu.

Jaribio langu lilikuwa rahisi. Niliweka kwenye flashi faili moja la PDF lenye tanbihi za herufi ndogo, nikawa nalifungua kwenye kila laptopu niliyoruhusiwa kuigusa. Sikuangalia picha wala video, kwa sababu video hupendeza karibu kwenye kioo chochote. Niliangalia kama naweza kutofautisha nukta na mkato bila kukuza ukurasa, na kama «rn» haisomeki kama «m». Kisha nikalaza kioo nyuma kidogo. Kwenye laptopu mojawapo weupe wa ukurasa uligeuka kijivu palepale. Hiyo ni tabia ya paneli za TN, aina ya kioo ambayo rangi zake hubadilika ukikitazama kwa pembe nyingine, na ndiyo maana ni vizuri kuuliza kama kioo ni IPS, aina ambayo rangi zake hutulia. Uliza pia mwangaza wake ni niti ngapi. Niti 250 zinatosha chumbani. Ukikaa karibu na dirisha lenye jua utatamani 400 au zaidi.

La pili ni hifadhi. Hapa nawasihi watu wawe macho, maana tangazo huandika GB 64 au 128 kwa herufi kubwa bila kusema ni hifadhi ya aina gani. Laptopu nyingi za bei ya chini zina eMMC, chipu ya hifadhi ambayo ni ya polepole kuliko SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) na kwa kawaida imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, huwezi kuibadilisha. Windows 11 yenyewe inataka angalau GB 64, kwa hiyo laptopu ya GB 64 inaanza maisha ikiwa imebanwa. Kwa RAM, GB 8 ndicho kiwango cha chini ninachoweza kumpendekezea mtu kwa moyo mweupe, na kama haiongezeki baadaye, jitahidi ufike 16.

Mfumo nao una tarehe zake. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, pamoja na prosesa iliyomo kwenye orodha yake. Kwa Intel orodha hiyo inaanzia, karibu yote, kizazi cha 8. Laptopu iliyotumika ambayo haifikii hapo, iache hata ikiwa inang'aa vipi. Chromebook, laptopu zinazotumia mfumo wa Google, sikuzichunguza sana kwa sababu kazi yangu inahitaji programu kamili za maandishi, ila kwa anayeishi ndani ya kivinjari zina jambo zuri: Google imeahidi masasisho kwa miaka 10 kwa matoleo ya kuanzia 2021.

Mwishowe nilichukua MacBook Air yenye chipu ya Apple ya M2, iliyotumika, yenye RAM ya GB 16. Kioo chake ni pikseli 2560 kwa 1664, niti 500, na mtihani wa tanbihi iliupita bila jasho. Haina feni, kwa hiyo kimya nilichokizoea kwenye kishikwambi nimebaki nacho. Nikiifunua inaamka papo hapo. Muswada, kamusi, PDF ya chapa ya kwanza na barua pepe vyote viko wazi kwa pamoja, na ukurasa wa kamusi unabaki pale nilipouacha. Hilo la mwisho peke yake limenipa utulivu wa kazi ambao nilikuwa nimeusahau.

Kuna mambo ya kujua kabla hujahama. Kioo chake hakiguswi. Matundu ya USB-C ni mawili tu, kwa hiyo kwa flashi ya kawaida unahitaji adapta. RAM na hifadhi haviongezeki. Unachonunua ndicho utakachokufa nacho. Halafu kuna Word: kwenye iPad nilikuwa nahariri bure, kwani Microsoft iliruhusu hivyo kwa vioo visivyozidi inchi 10.1. Kwenye laptopu Word kamili ni ya kulipia. Nimehamia LibreOffice, ambayo ni bure na ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, na wahariri wenzangu wanaotumia Word wanayaona mabadiliko yangu bila tatizo.

Kwa anayenunua iliyotumika, kagua betri kabla ya kutoa pesa. Kwenye Mac fungua taarifa za mfumo, sehemu ya umeme, usome idadi ya mizunguko ya chaji. Apple imeipangia betri ya Air hii mizunguko 1000 kabla ya kuhesabiwa kuwa imechoka. Kwenye Windows andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo iliobakiwa nao. Na kwa Mac, mwambie muuzaji atoke kwenye akaunti yake ya iCloud na kufuta kila kitu ukiwa umesimama hapo hapo, kwa sababu ikibaki imefungwa kwa jina lake hutaweza kuiwasha kama yako.