Feni za Arctic P12 chumbani kwangu Tabata: shida ilikuwa kioo

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Pakiti ya feni tano za kupoozea kompyuta, Arctic P12, nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 165,000. Muuzaji alianzia 190,000, nikaondoka dukani mara mbili, mara mbili nikaitwa nirudi. Feni zenyewe nyeusi tii, hazina taa hata moja, na jambo hilo lilimhuzunisha yeye kuliko mimi. "Dada, chukua hizi zinazowaka rangi, mteja wako akija aone kweli hii ni mashine." Nikamwambia wateja wangu hawaji kuangalia mashine. Wanakuja kuuliza video ya harusi iko wapi na wiki ya tatu imeshapita.

Ndiyo kazi yangu hiyo: nahariri video za harusi, sendofu na kicheni pati. Ofisi ni chumba kimoja nyumbani Tabata Kimanga, dirisha linatazama magharibi, juu kuna pangaboi. Kompyuta niliiunganisha mwenyewe mwaka 2022. Ina prosesa ya Ryzen 5 5600X, kadi ya picha ya RTX 3060, na kasha lenye kioo mbele na ubavuni, ambalo nililipenda kwa macho tu. (Wengi wetu sanduku lote tunaliita sipiyu. Hapa nikisema kasha namaanisha lile bati na kioo chake.) Jina la kasha nalihifadhi. Yako mengi ya namna hiyo, na kosa la kulichagua lilikuwa langu.

Ile prosesa imeandikiwa wati 65, kadi inakula hadi wati 170. Jumlisha: ni kama robo ya pasi ya umeme inawaka ndani ya sanduku saa nzima. Sasa fikiria alasiri ya Januari, kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 31 na dirisha liko wazi. Nikianza kutoa filamu ya dakika 40 (yaani kompyuta inaunganisha kazi yote niliyohariri kuwa faili moja), prosesa inapanda mpaka 91, kadi 83, na feni nilizokuwa nazo zinaunguruma hadi mama anauliza toka sebuleni kama nimeleta mashine ya kusaga. AMD, watengenezaji wake, wameiwekea prosesa hii kikomo cha nyuzi 95, kwa hiyo haikuwa inaungua. Ila ikishasogelea huko inapunguza mwendo yenyewe ili ijiokoe, na kazi iliyokuwa ya saa moja inakuwa ya saa na robo.

Fundi mmoja alinishauri nifungue ubavu na kuelekezea feni ya mezani. Nilifanya hivyo, na ndani ya dakika kumi prosesa ikashuka hadi 77. Nikafurahi wiki mbili. Mtaa wetu haujawekwa lami, na siku nilipochungulia ndani nilikuta vumbi la kutosha kupanda mchicha. Nikafunga.

Hata hivyo ushauri ule sikuuona wa bure. Kama kufungua ubavu na feni ya mezani tu vinashusha nyuzi 14, basi prosesa haina kosa, pesti ya kupitishia joto haijakauka, na hitisinki, kile kipoozeo chenye mapezi juu ya prosesa, imekaa vizuri. Kasha ndilo halipumui. Hapo ningetakiwa nitazame kioo. Mimi nikatazama feni, nikapanda daladala ya Kariakoo.

P12 zina kipenyo cha milimita 120, zinazunguka hadi mara 1,800 kwa dakika na zinaweza kushuka mpaka 200 kompyuta ikiwa haina kazi. Mapanga yake yametengenezwa kusukuma hewa penye kizuizi, kama wavu au mapezi ya hitisinki. Nilichozipendea zaidi ni waya: kila feni inachomekwa kwenye mwenzake, zote tano zinaishia kwenye tundu moja la mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Mgongoni mwa kasha langu sasa pana nafasi ya kupitisha mkono. Ubaya wa mpango huo ni kwamba mazabodi inasoma mwendo wa feni ya kwanza peke yake. Ya tatu ikifa, kwenye skrini huoni kitu, mpaka uiname uangalie kwa macho.

Nikafunga tatu mbele za kuingiza hewa, moja nyuma na moja juu za kutoa. Nikatoa filamu ileile. Prosesa 88. Kadi 81. Shilingi 165,000 kwa nyuzi tatu na mbili! Nusura nizirudishe.

Kilichonifumbua macho ni chetezo cha mama. Alikuwa anafukiza udi sebuleni, nikakiazima. Nikakisogeza mbele ya kasha, kwenye ule mwanya wa pembeni wenye upana wa kidole, ambao ndio njia pekee ya hewa kupita nyuma ya kioo. Moshi ukajivuta kidogo kwa uvivu, kisha ukapanda zake darini. Feni tatu nzima zinavuta, na zinachopata ni kama mtu anayekunywa uji kwa mrija wa soda. Nikazunguka nyuma. Huko moshi badala ya kusukumwa ukaingia ndani! Feni ya nyuma nilikuwa nimeigeuza. Kwa faida ya mwingine: hewa hutokea upande wenye vile vikono vinavyoshikilia mota. Nalijua hilo tangu 2022, na bado nilikosea.

Basi nikageuza feni, nikang'oa kioo cha mbele. Mahali pake nimebandika wavu wa mbu, ule wa madirishani, kwa gundi ya pande mbili. Chumba kikiwa nyuzi 31 zilezile, filamu ileile, prosesa 76 na kadi 71. Feni zinazunguka kama mara 1,000 kwa dakika na mama hajauliza tena habari za kusaga. Bila wavu prosesa inafika 74. Hizo nyuzi mbili nazitoa sadaka kwa ajili ya vumbi, na sijutii. Kwa kuwa sasa hewa inayoingia ni nyingi kuliko inayotolewa, kasha halivuti tena uchafu kupitia matundu ya nyuma. Vumbi linakwama kwenye wavu, nami naubandua Jumapili, naufua kwa sabuni ya unga, naurudisha ukikauka. Ndani napuliza kwa blowa mara moja kwa mwezi, huku nimeshika mapanga kwa kidole, maana feni ikizungushwa kwa upepo wa blowa inaweza kuharibu beringi.

Msitegemee maajabu lakini. Feni haitengenezi baridi, inahamisha joto tu, na haliwezi kushuka chini ya lile la chumbani. Mwenye mashine kama yangu akiwa Njombe kwenye baridi anapata namba nzuri kuliko zangu bila kununua kitu. Na lile joto linalotolewa halipotei, linanijia mimi usoni. Nimeisogeza meza karibu na dirisha ili mgongo wa kasha utazame nje, imesaidia kiasi. Kuhusu kiyoyozi, na bei ya umeme wa LUKU ninavyoijua, acha tu.

Feni nazipa nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya feni ya kwanza kusemea wenzake. Anayetaka taa anunue zenye taa, ila kama kasha lake lina kioo mbele, aanze na bisibisi na wavu wa shilingi 4,000 kabla ya kufika Kariakoo. Huenda asipande daladala kabisa.

Kile kioo kiko jikoni. Mama anapangia maandazi juu yake yakitoka kwenye mafuta, na anasema yanapoa upesi.