Uzoefu wangu na kingamwili cha Kv2.1 yenye fosfati kwenye serini 603

Ninachozungumzia ni kingamwili cha sungura, polikloni (mchanganyiko wa kingamwili nyingi), kinachotambua chaneli ya potasiamu Kv2.1 pale tu serini 603, yaani amino asidi ya 603 kwenye mnyororo wake, inapokuwa na fosfati. Kwa westani bloti (kutenganisha protini kwenye jeli kwa ukubwa, kuzihamishia kwenye utando, kisha kuzitambua kwa kingamwili) nakipa alama za juu. Kwa kupaka vipande vya ubongo, alama za kati.

Ukihesabu amino asidi zake, Kv2.1 ina kilodaltoni 95 hivi. Kwenye sampuli ya ubongo wa panya, bendi husimama juu zaidi, kati ya 110 na 130, tena pana, kwa kuwa protini imebeba fosfati nyingi. Utafiti uliochapishwa 2006 ulitambua sehemu 16 zenye fosfati, na 7 kati ya hizo huguswa na kalsinyurini, kimeng'enya kinachoondoa fosfati kikiamshwa na kalsiamu. Serini 603 ni mojawapo ya zinazoitika haraka mno. Ndiyo maana kingamwili hiki kinafaa sana, na ndiyo maana kinasumbua: dakika chache za uzembe zinaonekana kwenye bloti.

Bendi ikififia, chunguza sampuli kabla ya kulaumu kichupa. Panya aliyeuawa kwa kaboni dioksidi hutoa bendi hafifu, kwani ubongo ukikosa oksijeni kalsiamu hupanda ndani ya seli, kalsinyurini huamka na kung'oa fosfati. Toa ubongo upesi, ugandishe papo hapo kwenye naitrojeni ya kimiminika, kisha uusage kwenye bafa iliyopozwa kwa barafu: Tris milimola 50, NaCl 150, EDTA 5, floridi ya sodiamu 50, Triton asilimia 1, pamoja na vizuizi vya protiesi (vimeng'enya vinavyokata protini). Usiisahau EDTA: hushika kalsiamu, na kalsinyurini haifanyi kazi bila kalsiamu. Vanadeti, kizuizi kingine cha vimeng'enya vinavyoondoa fosfati, hulinda zaidi fosfati za tirosini, hivyo peke yake haikusaidii hapa. Usichemshe sampuli, nyuzi 37 kwa dakika 20 zinatosha, la sivyo protini za utando hushikana na kubaki juu ya jeli.

Natumia jeli ya asilimia 7.5 na kuhamisha protini usiku kucha kwa volti 30 kwenye chumba cha baridi. Kuziba utando natumia BSA (albumini ya damu ya ng'ombe) asilimia 3 ndani ya TBST (bafa ya Tris yenye chumvi na sabuni ya Tween). Maziwa ya unga yana kasini, nayo ni protini yenye fosfati tele, hivyo usuli huchafuka. Kingamwili nakizimua 1:1000, nyuzi 4, hadi asubuhi.

Kipimo cha kweli cha kingamwili hiki ni fosfatesi ya lamda, kimeng'enya kinachong'oa fosfati. Gawa sampuli mbili, moja uitie fosfatesi na manganizi milimola 1, nyuzi 30, dakika 30. Bendi ya serini 603 lazima ipotee, huku bendi ya Kv2.1 yote ikishuka hadi karibu na 95. Watu wengi hukwama hapa: wanatumia sampuli ileile yenye EDTA na floridi, kimeng'enya kinakosa manganizi na kuzuiwa, bendi inabaki palepale, halafu kingamwili kinaitwa kibovu. Sampuli ya kipimo hiki itengenezwe bila EDTA wala vizuizi vya fosfatesi kama floridi.

Kupima Kv2.1 yote, kingamwili cha panya mdogo (mouse) K89/34 kinaoana nacho vizuri. Kinashika mwisho wa protini, mbali na 603, na kwa kuwa kimoja ni cha sungura na kingine cha panya, unasoma rangi mbili kwenye utando mmoja bila kuuosha kwa kemikali. Toa uwiano wa hizo mbili. Bendi ya fosfati pekee haitoshi kuthibitisha lolote.

Kwenye vipande vya ubongo unapata vile vishada kwenye mwili wa neva na mwanzo wa dendriti, lakini usuli ni mzito, na kila toleo jipya la kingamwili linahitaji kuzimuliwa upya. Pigia kila toleo jaribio la peptidi mbili: yenye fosfati izime ishara, isiyo na fosfati iiache.

Kabla ya kuagiza, omba mfuatano wa peptidi iliyotumika na uulinganishe na wa mnyama wako. Namba 603 inafuata protini ya panya mkubwa (rat), na orodha za binadamu huweza kuipa serini hiyohiyo namba nyingine.