Sindano 14 mwilini: uzoefu wangu na akupancha

Watu wakisikia nimefanya akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano, huniuliza kwanza kama inauma. Inategemea ni sindano ya ngapi. Ya kwanza sikuisikia kabisa, nikadhani mtabibu bado anajiandaa. Ya nne, aliyoichoma nyuma ya goti, ilinikunja vidole vyote vya mguu.

Nilienda kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kiuno kilinitesa miaka miwili, tangu siku niliyoinua kabati peke yangu kwa ubishi. Eksirei haikuonyesha la maana, na vidonge vya maumivu vilikuwa vimeanza kunisumbua tumbo. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: ili nifunge kamba za viatu ilibidi niegemee ukuta na kuguna kama mzee wa miaka tisini.

Sindano zenyewe si zile za hospitali. Sindano ya hospitali ina tundu la kupitishia dawa, ndiyo maana ni nene. Hizi hazina tundu na hazipitishi chochote. Ni nyembamba karibu kama unywele, za chuma kisichoshika kutu, na kila moja hutoka kwenye pakiti yake na hutumika mara moja tu. (Ukiona zinatolewa kwenye kikopo, vaa viatu uondoke.) Mtabibu anaweka kimrija cha plastiki juu ya ngozi, anagonga kichwa cha sindano kwa kidole, tap, halafu anaondoa kimrija na kuisukuma ndani taratibu huku akiizungusha. Hapo ndipo unapopata hisia isiyofanana na kuchomwa. Ni uzito, kama mtu anakukandamiza kwa dole gumba kutokea ndani ya nyama. Wachina wanaiita deqi, na mtabibu wangu alikuwa akiisubiri: "Umeipata?" Nikisema ndiyo, anahamia kwingine. Siku hiyo zilikuwa 14, kiunoni na miguuni. Nikaachwa nimelala kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, kama dakika 25. Nilisinzia hadi nikakoroma.

Kabla hatujaanza alinieleza kwamba mwilini kuna nguvu iitwayo qi, inapita kwenye njia maalumu, na ikiziba ndipo maumivu huja. Ni maelezo mazuri, lakini hakuna aliyewahi kupasua mwili akazikuta njia hizo. Lenye ushahidi zaidi ni kwamba mchomo unaamsha mishipa ya fahamu, na ubongo nao unajibu kwa kumwaga endofini, vituliza maumivu vyetu wenyewe. Mwaka 2010 watafiti waliowachoma panya sindano walikuta pia kemikali ya adenosini ikiongezeka pale pale ilipoingia sindano, na adenosini hupunguza maumivu.

Matokeo kwangu? Mara ya kwanza sikupata kitu zaidi ya usingizi mzito usiku ule. Mara ya pili, vilevile. Baada ya ya tatu niliinama asubuhi nikafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimeshasimama wima ndipo nikagundua kwamba sikushika ukuta. Nilienda mara sita kwa jumla, ndani ya wiki tano. Kama mwanzo maumivu yalikuwa saba kwa kumi, mwishoni yalikuwa matatu. Miezi miwili baadaye yalipanda hadi manne, yakabaki hapo.

Sasa, mimi ni mtu wa kuchimba, na nilichokikuta kilinivuruga. Wajerumani walifanya jaribio kubwa, matokeo yakatoka mwaka 2007: watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi moja lilichomwa kwenye sehemu sahihi za Kichina, la pili lilichomwa juujuu sehemu zisizohusika, la tatu likapata tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi sita waliopata nafuu kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6, la pili 44.2, la tatu 27.4. Soma tena hizo mbili za mwanzo. Ramani yote ile ya mwili, na aliyechomwa popote pale alipona karibu sawa na aliyechomwa kwa ustadi! Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya karibu wagonjwa 21,000 ulikuta sindano za kweli zinazishinda za kuigiza, ila kwa tofauti ndogo. Hata Uingereza taasisi inayoshauri huduma za afya, NICE, mwaka 2016 ilisema akupancha isitumike kwa maumivu ya kiuno, kisha mwaka 2021 ikairuhusu kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoeleweka.

Kwa hiyo naamini nafuu yangu ilikuwa ya kweli, ila siwezi kuapa kwamba ilitokana na zile sehemu 14. Huenda ni mchomo wenyewe, huenda ni dakika 25 za kulala bila simu, huenda ni mtu kunisikiliza kiuno changu bila kutazama saa. Ninayoyafanya kila asubuhi hadi leo ni mazoezi ya kiuno, na sindano zilinipa afueni ya kuyaanza.

Nina malalamiko mawili. La kwanza, mtabibu aliniambia akupancha ingetibu na presha yangu, niache dawa. Niliitikia kwa kichwa, nikaenda nyumbani nikameza vidonge vyangu kama kawaida. La pili ni siku ya tano. Alizitoa sindano harakaharaka, nikavaa suruali, nilipokaa kwenye kiti nikasikia kichomi nyuma ya goti. Moja ilikuwa imebaki. Alicheka, mimi sikucheka. Goti ni goti, lakini kifuani au karibu na mabega sindano ikizama kupita kiasi inaweza kutoboa pafu. Ni nadra, ila hutokea. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie kabla hajafungua pakiti.

Wiki ijayo narudi, maana lile nne limeanza kunichosha. Nimeshamwomba azihesabu kwa sauti, zikiingia na zikitoka.